Goti, vina na mizani: kisa cha bibi mmoja wa Majengo

Kisa hiki ni cha bibi wa miaka 73, mkazi wa Majengo, Pumwani, Nairobi. Ni mjane, ana kisukari cha miaka mingi, magoti yote mawili yamechakaa, na alipofika kwetu alikuwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ambayo hakuna aliyekuwa ameitambua. Nimebadilisha baadhi ya mambo ya maisha yake na kuyachanganya na ya wazee wengine niliowahudumia, asije akatambuliwa hata na jirani wa ukuta mmoja. Jina simpi. Majengo mwanamke wa umri wake ni Bibi, na ndivyo nilivyomwita tangu siku ya kwanza.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nawaandikia wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya ya jamii, na watoto na wajukuu wanaoishi na wazee wenye maumivu yasiyokwisha. Siku hizi sanaa inapelekwa kwa wazee, na nafurahi kwamba inapelekwa. Lakini tunahangaika na rangi, karatasi na nyuzi, hatuulizi mzee akishatoa alichotoa ni nani atakayemjibu. Kwa Bibi, jibu hilo ndilo lililoleta tofauti, na nitajaribu kuonyesha kwa nini naamini hivyo.

Alivyofika

Binti yake alimleta kituoni mwishoni mwa 2023 kwa ajili ya miguu. Nyayo zilikuwa zikimwaka usiku kama zimepakwa pilipili, na magoti yalikataa kumwinua. Alikuwa ameshaacha kusujudu chini, anaswali kwenye kiti. Huzuni hakuitaja yeye wala binti. Wazee wengi hawaitaji. Watakwambia hawalali, hawana nguvu, chakula hakina ladha, mwili wote unauma, na sisi tunaandika dawa ya kiungo kimoja kimoja.

Ndani ya mfuko alioushika mapajani mlikuwa na metformini ya kisukari, dawa ya presha, na pakiti tupu za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Hiyo ya mwisho alijinunulia mwenyewe duka la dawa, kila siku, kwa zaidi ya mwaka, mara nyingine kwa pesa za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi wanazopewa wazee waliotimiza miaka 70. Ilitutia hofu kuliko magoti yenyewe. Mzee mwenye kisukari na presha akimeza dawa za jamii hiyo kila siku, figo zinaumia, tumbo linaweza kupata vidonda vya kutoka damu, na presha inapanda. Daktari aliisimamisha siku hiyohiyo. Alimwandikia parasetamoli kwa mpango maalumu, akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kwa ajili ya mishipa ya fahamu akampa amitriptilini miligramu 10 kila usiku. Aliagiza pia kipimo cha vitamini B12, kwa sababu metformini ya miaka mingi inaweza kuishusha, na upungufu wake huleta ganzi, miguu kuwaka na hata huzuni. Kilirudi salama.

Alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, akaja Nairobi kwa ndoa mwaka 1971. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliuza mahamri na mbaazi alfajiri, mlangoni pake, na kwa hayo mahamri watoto walisoma. Mume alipofariki biashara iliendelea. Magoti yalipokataa, ikakoma. Jiko likahamia kwa binti. Nilipomuuliza siku yake inapitaje alisema, "Nakaa tu, mwanangu. Nakula cha watu." Chakula hicho kilikuwa cha binti yake wa kumzaa. Mtu akimwita mwanawe "watu", muuguzi aweke kalamu chini asikilize.

Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lina maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, na jumla kuanzia 0 hadi 27. Bibi alipata 17. Kwa mtu mwenye maumivu sugu alama hiyo haisomwi kwa jumla peke yake. Kukosa usingizi, uchovu, hamu ya chakula, mwili kuwa mzito, haya yote yanaweza kuletwa na goti na sukari bila sonona kuwamo. Nilitazama yale yasiyoelezeka kwa goti: kukosa hamu ya jambo lolote, 3, kujiona mzigo na kushindwa na maisha, 3. Hapo sikuwa na shaka.

Swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, lilijibiwa kwa maneno ambayo kila muuguzi wa Eastlands ameyasikia: "Namuomba Mola anichukue." Watu hulipokea neno hilo kama ucha Mungu, wakaitikia amina. Mara nyingi kweli ni dua ya mtu aliyechoka. Lakini haiwezekani kujua bila kuuliza, na kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo asilokuwa nalo. Nilimuuliza kama aliwahi kufikiria kujidhuru. Alisema ni haramu. Nikakaa kimya. Baada ya muda akasema kuna usiku alikaa na kopo la dawa mkononi mpaka adhana ya alfajiri. Binti, aliyekuwa pembeni, hakuwa akijua. Tulikubaliana sote watatu kwamba dawa zote zitawekwa na binti, na amitriptilini itatolewa ya wiki moja moja, kwa kuwa ni dawa hatari mno ikizidi.

Maumivu tuliyapima kwa maswali matatu, kila moja 0 hadi 10: maumivu yenyewe kwa wastani wa wiki, 7, yanavyomzuia kufurahia maisha, 9, yanavyomzuia shughuli, 8. Naomba msomaji ashike tarakimu hizo tatu.

Kwa nini goti na moyo huumwa pamoja

Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu, na kufikia hapo si habari ya kiungo peke yake tena. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo pana mfano wa lango: taarifa ya maumivu inayopanda kwenda kwenye ubongo huweza kuzidishwa au kupunguzwa njiani, na ubongo wenyewe hutuma amri ya kulifungua au kulibana. Sehemu za maelezo yao zimerekebishwa baadaye, lakini hilo la msingi limesimama. Amri zinazoshuka kutoka kwenye ubongo zinatumia serotonini na noradrenalini, kemikali zilezile zinazohusika na sonona. Kwa hiyo mwenye sonona huumwa zaidi kwa goti lilelile, anayeumwa halali, asiyelala hukosa nguvu ya kutoka, asiyetoka hubaki na goti lake chumbani, na huko chumbani hakuna kingine cha kushindana nalo.

Maumivu hudai usikivu wote. Mtu akiwa na kazi inayodai usikivu uleule, na anayoipenda kweli, goti linapata mshindani. Lakini kazi rahisi mno haishindani na kitu.

Karatasi ya twiga

Miezi kadhaa kabla hajaja kwetu, Bibi alialikwa kwenye mradi mmoja wa wazee mtaa mwingine. Aliwekewa karatasi yenye twiga aliyechorwa mistari, na penseli za rangi. Hakurudi. "Nimesomesha watoto watano kwa mahamri," aliniambia, "leo nikapake twiga rangi?"

Waliouandaa mradi ule walikuwa na nia njema, sina shaka nao. Lakini penseli nyembamba ni adui wa dole gumba lenye kiungo kilichochakaa, na kazi ya mtoto wa chekechea humwambia mzee kwamba ndivyo anavyoonekana sasa. Mwenye sonona tayari anajiona hana thamani. Ukimpa kitu kisichohitaji ujuzi wake, umemthibitishia. Sisemi kupaka rangi hakufai. Nimemwona mzee aliyekuwa mchoraji wa mabango ya maduka akishika brashi nene baada ya miaka mingi, na uso wake ukabadilika. Huyo brashi ilikuwa yake.

Ukumbini kwetu wanawake walikuwa wakifuma vitambaa vya makochi. Bibi alijaribu, gumba likamkatalia, akaiweka sindano mezani kwa adabu na kuanza kutafuta fimbo yake.

Swali lililosaidia ni jepesi, nami hulitumia kwa kila mzee sasa: kabla ya maradhi, watu walikuwa wakija kukuomba nini? Mahamri, alisema. Akafikiri. "Na maneno." Maneno gani? Ya harusi, mwanangu. Kumbe miaka ya 1970 na 1980, Pumwani ikiwa na harusi iliyotaka kutambulika, watu walimfuata Bibi awatungie. Mtaa huo uliopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika mjini ulikusanya Waislamu wa kila kabila, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba. Upande wa bwana harusi hutupa fumbo, upande wa bibi harusi hujibu, na aibu ni ya upande unaokosa jibu. Bibi alikuwa mtu wa kujibu. Aliacha alipokaa eda, na eda ilipokwisha hakurudi. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

Nane kwa nane

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili alikuwa akikutana na wazee wachache kila Jumatano baina ya Adhuhuri na Alasiri kusoma mashairi ya gazeti la Taifa Leo. Tulimwomba kikundi kianze kutunga. Walikuwa wachache wa kutosha kukaa duara moja, wanaume wawili tu, mmoja wao mzee aliyestaafu kazi ya reli, ambaye hasamehi kina kilichokosewa.

Mwili ulipangiwa mahali pake kabla ya sanaa. Viti vyenye mikono, si benchi, ili mtu aweze kujiinua. Kila baada ya kama dakika kumi wote husimama, hata asiyeumwa, ili asiyeweza kukaa asionekane peke yake. Atakayeghani beti lake huighani amesimama, ameshika mgongo wa kiti. Kikao hakipiti saa moja, hata kinoge vipi, kwa sababu siku ya nafuu ndiyo inayowaponza wenye maumivu sugu: hujisikia vizuri, wakafanya ya wiki nzima, kisha wakalala siku mbili wakilipa. Bibi alikuwa bingwa wa hilo. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha kusimamisha kazi angali anaweza kuendelea, na kwa mtu aliyeinuka saa tisa za usiku kukanda unga maisha yake yote, hilo lilikuwa somo gumu kuliko zoezi lolote la goti.

Shairi la tarbia, kila anayelijua anajua, lina mishororo minne, kila mshororo mizani, yaani silabi, kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho visitoroke. Bibi huhesabu mizani kwa dole gumba akipitia pingili za vidole, tatu kila kidole, vilevile anavyohesabu tasbihi. Nilikaa karibu naye Jumatano moja nikitazama mkono huo. Gumba ambalo halikuweza sindano lilikuwa likipita pingili baada ya pingili, likirudi, likianza tena, na midomo ikitikisika bila sauti. Alikuwa amekaa kwa muda ambao kliniki huwa ameshalalamika mara kadhaa. Nilipomuuliza baadaye kama miguu iliwaka, alisema lazima iliwaka, ila hakuwa na nafasi nayo.

Beti lake la kwanza baada ya miaka yote hiyo alilielekeza kwa goti. Mshororo wa tatu ulikuja umevunjika: "Wala sitaki vita, sasa nini tugombane?" Mzee wa reli alipaza kidole kabla hajamaliza. Mizani imepungua mmoja, kina cha kati kimekimbia. Nilitazama uso wa Bibi nikiogopa ataumia. Mtu mwenye sonona akikosolewa hadharani anaweza kujifunga wiki nzima. Yeye alikaa wima. Alisema, "Kweli. Nipe muda." Jumatano iliyofuata alikuja nalo hivi, limeandikwa na mjukuu kwenye simu, kwa maana yeye huandika kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani Mombasa:

Ewe goti nakwambia, tukae tusikizane,
Usiku ukiwadia, usingizi tugawane,
Kazi ulinifanyia, sasa nini tugombane?
Uzee umetujia, si halali tuachane.

Kukosolewa kule kulikuwa heshima. Huwezi kumkosoa mtu kwa kipimo cha mafundi isipokuwa umemhesabu kuwa fundi. Sisi wahudumu wa afya tumezoea kuwasifu wazee kwa kila kitu, "vizuri sana Bibi, hongera Bibi", na wao wanasikia kilichomo ndani yake: kwamba hatutarajii kitu kutoka kwao. Mzee wa reli alitarajia mizani minane.

Naye hakuishia kukosoa. Wiki iliyofuata alijibu kwa sauti ya goti, kwa vina vilevile: "Nami goti najibia, bibi tusinuniane." Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, Bibi akafunika uso kwa mtandio, na kabla chai ya tangawizi haijaisha alikuwa ameshaanza kupita pingili zake kutafuta jibu la jibu.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Mwenye sonona huzungusha wazo moja usiku kucha, na wazo hilo halikutani na mtu mwingine. Kuliandika tu hakutoshi. Nimeona madaftari ya wagonjwa yaliyojaa wazo lilelile ukurasa baada ya ukurasa. Shairi la Kiswahili lina desturi ya kujibiwa. Ukilitupa hadharani, mwenzako ana haki, na karibu wajibu, wa kulipokea kwa vina vyako na kukurudishia likiwa limegeuzwa. Wazo lililokuwa likizunguka chumbani limepata mlango.

Jambo hili lilijaribiwa mapema. Januari Bibi alileta mabeti ya kaburi: shimo, sanda, udongo, na jirani wa chini asiyesema. Yalikuwa mazuri, na yalinitia wasiwasi. Baada ya kikao nilikaa naye kando nikamuuliza tena swali la tisa, waziwazi kama mara ya kwanza. Alisema kopo halimo tena akilini, ila kaburi analifikiria. Wenzake ukumbini hawakumkataza. Mama mmoja aliyemzika mtoto alimjibu kwa vina vyake mwenyewe, akimwambia zamu haipangwi na anayesubiri. Kama kikundi kingeambizana "tuandike mambo ya furaha tu", Bibi angepeleka kaburi lake nyumbani na kulala nalo. Na kama mimi ningeliacha liwe shairi tu, bila kuuliza, ningekuwa nimecheza na maisha ya mtu. Yote mawili yanahitajika, jibu la kikundi na swali la muuguzi.

Bibi mwenyewe ndiye aliyenikumbusha Mwana Kupona binti Msham wa Pate, ambaye karibu na mwaka 1858, akiwa mgonjwa kwa muda mrefu, alimtungia bintiye wosia wake. Kitanda hakikumzuia kuwa na mtu wa kusema naye. Bibi anaujua sehemu kubwa kwa moyo, na ghani yake inateremka polepole kwa kutoa pumzi ndefu, jambo ambalo mtaalamu wa mazoezi alikuwa akijitahidi kumfundisha kwa kuhesabu.

Ni nini hasa kilichosaidia?

Mwishoni mwa Februari 2024, kabla ya Ramadhani, PHQ-9 ilikuwa imeshuka kutoka 17 hadi 12. Mkosoaji mwaminifu atauliza kama ni mashairi au dawa. Amitriptilini ya miligramu 10 ni ya mishipa ya fahamu. Dozi ya kutibu sonona ni kubwa zaidi mara kadhaa, na kwa mzee wa umri huu haipandishwi ovyo, kwa sababu ya usingizi wa mchana, kuanguka, choo kigumu na moyo. Sidhani ndiyo iliyoinua moyo wake, ingawa ilimpunguzia kuwaka kwa miguu usiku, na hilo si dogo. Mazoezi ya miguu yalisaidia bila shaka. Kusimamishwa kwa diklofenaki kulimpa tumbo tulivu. Binti naye, baada ya habari ya lile kopo, alibadilika: alianza kumuuliza mama yake habari za Jumatano.

Halafu lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Ramadhani ilipunguza vikao, na Bibi alishauriwa asifunge kwa sababu ya sukari na dawa, akawa anatoa fidia badala ya saumu huku nyumba nzima imefunga; ilimuumiza. Idd ilipita, na mwishoni mwa Aprili ikaja ile mvua iliyofurika Nairobi. Tope liliingia ukumbini na kikundi kikakaa wiki kadhaa bila kukutana. Dawa ziliendelea bila kukatika, na mazoezi aliyafanya nyumbani. Katikati ya Mei alama zilikuwa zimepanda tena hadi 15. Sitadai kuwa ni ukosefu wa mashairi pekee. Mtaa uliokumbwa na mafuriko una sababu tele za kuhuzunika. Lakini hata katika wiki hizo, siku alizoniambia kuwa "afadhali" zilikuwa zile ambazo mzee wa reli alimtumia beti kwa sauti kwenye WhatsApp na mjukuu akamsikilizisha. Kijana huyo, msema Sheng wa damu, alianza kumuuliza nyanya yake maana ya maneno ambayo hakuwahi kuyasikia.

Agosti, kikundi kikiwa kimerudi, PHQ-9 ilikuwa 9. Kukosa hamu ya mambo kulikuwa kumeshuka kutoka 3 hadi 1, kujiona mzigo kutoka 3 hadi 1, swali la tisa 0. Usingizi na uchovu vilibaki karibu palepale. Na yale maswali matatu ya maumivu: kutofurahia maisha kutoka 9 hadi 4, kuzuiwa shughuli kutoka 8 hadi 5, na maumivu yenyewe kutoka 7 hadi 6.

Hiyo 6 naisisitiza kwa sababu wapenda sanaa huificha. Goti bado linauma. Anayeahidi familia kwamba ufumaji au uimbaji utaondoa maumivu ya mzee anawadanganya, na mzee akiona hayajaondoka atajilaumu yeye. Utafiti nao hauahidi hivyo. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilikusanya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya na kuona zina mchango katika kuzuia na kukabili maradhi. Nyingi zinatoka nchi tajiri, hivyo tunapozileta Majengo tuzipime upya. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, kuhusu tiba ya muziki kwa sonona yaliona nafuu ya muda mfupi muziki unapoongezwa juu ya matibabu ya kawaida. Juu ya matibabu, si badala yake. Bibi asingefika ukumbini kama diklofenaki ingemwangusha kwa tumbo kwanza.

Kwa mwenye mzee ambaye si mtunzi

Watu wameniambia kisa hiki ni cha bahati, kwamba si kila mzee ni malenga. Kweli si kila mzee. Lakini kila mzee aliwahi kuombwa kitu. Mmoja aliombwa hadithi wakati wa kupura mahindi, mwingine kupiga ngoma, mwingine kusuka ukindu, mwingine kukata suruali ya harusi. Anza hapo, kisha rekebisha kwa mwili ulivyo leo: msusi asiyeweza kukaa chini ainuliwe kwenye kiti na meza, mwenye vidole vilivyokaza apewe mpini mnene, asiyeona vizuri aletewe mwanga na asome kwa masikio. Halafu mtafutie anayeijua kazi hiyo amjibu, ikiwezekana wa rika lake, asiyemhurumia. Chombo ni rahisi kupata. Mtu huyu ndiye mgumu, na ndiye bajeti za miradi zinayemsahau.

Gharama yetu ni chai, tangawizi, madaftari na kodi ya ukumbi, na hiyo kodi ndiyo inayotusumbua kila mwezi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinataka serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Ukumbi wa umma kufunguliwa kwa wazee saa moja kwa wiki bila malipo ungekuwa mwanzo mzuri wa kukitekeleza, na nitaendelea kuliomba hili katika kila mkutano nitakaoalikwa.

Bibi bado yuko kwetu. Dawa zake bado ziko kwa binti, na tutapima figo tena mwisho wa mwaka. Daktari wa mifupa amemweleza habari ya upasuaji wa goti. Amekataa kwa sasa, na sababu zake ni za mtu mwenye akili timamu, kwa hiyo tumeziandika kwenye faili kama alivyozisema. Usingizi ndilo tatizo tunalolishughulikia sasa: saa ya kulala isiyobadilika, na kuacha chai ya rangi baada ya Magharibi. Jumatano hazikosi. Mzee wa reli amemtupia fumbo jipya kwa vina vya "shi" na "ko", naye anasema anamtega makusudi.